Daktari, Nina Neno: Mwongozo kwa Muuguzi Mgeni wa Garsen

Ukipangiwa kazi Garsen au zahanati yoyote ya delta ya Tana, utaitwa daktari kabla hujashusha begi lako kwenye matatu. Huna haja ya kumsahihisha kila mtu, lakini ujue jina hilo linakuja na maswali. Utaulizwa pale Minjila ukisubiri gari la Malindi, utaulizwa dukani ukinunua unga, utaulizwa watu wakitoka msikitini au kanisani, na harusini kuna mama atakayekuvuta kando kabla hujamaliza pilau. "Daktari, nina neno."

Wapo wauguzi wazuri wanaokerwa na jambo hili hadi wakawa na jibu moja tu: "Njoo kliniki." Nawaelewa, maana muuguzi naye huchoka. Lakini hebu tazama hesabu aliyopiga mtu huyu. Zahanati anayoijua ina chumba kimoja cha kuonea wagonjwa, mlango wake ni pazia, na benchi la foleni limeegemea ukuta wa chumba hichohicho. Kwenye benchi ameketi shemeji yake, jirani yake na mke wa imamu. Akijibu kwa sauti anaumwa nini, habari itafika Tarasaa kabla yeye hajafika kwake. Basi asubuhi anakuja anasema kichwa kinamuuma, anapewa Panado, na shida yenyewe anakuletea jioni stejini. Hajaidharau kliniki. Ametafuta faragha mahali alipoiona. Kazi yako ni kumpatia faragha hiyo ndani ya kliniki, na pale isipowezekana, umtunzie ile kidogo aliyoipata nje. Mengine yote ninayokueleza yanatoka hapo.

Anza na kujua kwamba swali la kwanza ni la kukupima. Mzee anaingia, mnaamkiana, anakaa.

"Mgongo huu, mwanangu, unanitesa."

"Pole, mzee. Unakusumbua zaidi wakati gani?"

"Nikitembea. Nikienda shambani."

"Na huku chini ya kiuno, kuna uvimbe au uzito wowote?"

Anatazama pazia kwanza. "Kuna kitu cha zamani."

Kitu cha zamani ni busha. Minyoo ya matende, inayoenezwa na mbu, imekaa ukanda huu wa pwani kwa vizazi, na mwanamume anaweza kulificha busha chini ya kikoi miaka kumi. Wengine wameaminishwa linatokana na kunywa madafu, wengine kwamba ni adhabu ya uzinzi, ndiyo maana hawataki hata litajwe. Mweleze polepole: mbu ndiye alimletea, dafu halina kosa. Dawa zinazogawiwa kijiji kizima huua minyoo michanga iliyo kwenye damu na kuwakinga wengine, lakini maji yaliyokwisha kujaa hayatoki kwa vidonge. Hutolewa kwa upasuaji, na upasuaji huo ni wa kawaida hospitalini. Kisha nyamaza kidogo, maana swali lake halisi bado hajaliuliza. Anataka kujua kama atarudi kuwa mume. Mwambie busha lenyewe haliui nguvu za kiume. Ukubwa wake na aibu ndivyo vinavyozuia, na wengi wakishapasuliwa na kupona hurejea katika maisha yao ya ndoa. Ila kama uvimbe umeanza ghafla, unauma, haurudi ndani akilala, au anatapika, hiyo yaweza kuwa ngiri iliyobana, na safari ya hospitali ni leo.

Pengine wewe ni binti wa miaka 24 na aliye mbele yako ni rika la babu yako. Usijifanye huoni. Mwambie: "Mzee, nataka kukuuliza jambo la ndani kidogo, kwa heshima zote. Ukipenda kuzungumza na mwanamume, yupo mwenzangu hapa." Ukishampa hiari, mara nyingi atabaki na wewe. Na asipobaki, mpeleke kwa huyo mwenzako mwenyewe, umfikishe mlangoni, asianze foleni upya.

Kuna pia swali la mlangoni. Mgonjwa amesimama, mkono umeshika pazia, halafu anageuka: "Na tena, daktari..." Hilo ndilo lililomtoa nyumbani. Liwekee nafasi kabla hajasimama. Weka kalamu chini, funga rejista, umtazame umwulize: "Kuna lingine ulitaka tulizungumze?" Usiulize "umeelewa?" kwa sababu kila mtu hujibu ndiyo. Mwombe akueleze atakavyomeza dawa akifika nyumbani, na hapo utajua alichokipata.

Sasa turudi barabarani, maana huko hukwepi. Mtu akikushika stejini, jambo la kwanza ni kupima kama lina hatari. Mama mjamzito anayetoka damu, au anayeumwa kichwa sana na macho yanaona ukungu. Mtoto asiyenyonya au aliyepatwa na degedege. Aliyeumwa na nyoka: hapo hakuna kesho, tafuteni gari au bodaboda sasa hivi. Mto ukifurika na barabara kukatika, kama ilivyokuwa 2018 na tena mwishoni mwa 2023, swali la simu laweza kuwa ndiyo matibabu pekee atakayopata mtu usiku huo. Kwa hiyo jua mapema ni nani mwenye mashua katika kila kijiji cha ng'ambo unachokihudumia, na uwe na namba yake.

Kama halina hatari, sogea naye hatua chache, msikilize sentensi mbili, kisha sema kitu kama hiki: "Nimekusikia. Hili halijibiwi barabarani, nitakukosea. Njoo kesho saa nane mchana, watu wamepungua, useme umekuja kuniona mimi." Halafu uwepo hiyo saa nane. Usimpe jina la ugonjwa ukiwa umesimama juani kando ya utingo wa matatu, hata kama una hakika nalo, kwa kuwa hukumwona wala hukumpima, na atakachokishika ni lile jina tu. Jingine ambalo wengi hulisahau: ukikutana naye sokoni wiki ijayo, msalimie kama unavyomsalimia muuza samaki. Usimwulize "ile dawa imekusaidia?" Umeuliza kwa wema, lakini mama mkwe aliye pembeni yake amesikia neno dawa.

Chumba chenyewe kinaweza kutengenezwa bila kusubiri fedha za kaunti. Hamisha benchi liende chini ya mti au upande wa pili wa veranda. Weka redio karibu na wanaosubiri. Sauti yake hufunika mazungumzo kuliko pazia. Ukiita mgonjwa, ita jina, usitaje kilichomleta. "Wale wa dawa" na "mama wa sindano" ni maneno yanayovunja siri mbele ya watu ishirini. Rejista isiachwe wazi mezani, kwani anayekaa mbele yako anasoma majina kichwa chini vizuri kabisa. Dawati la kupima presha na joto, ambalo kwa kawaida liko palepale mlangoni, lipime presha na joto basi. Swali la hedhi ya mwisho au la matokeo ya kipimo lisubiri ndani. Ukiona mtu amepita zahanati mbili kufuata ARV zake mahali asipojulikana, usimkaripie kwa kupita. Mwulize tu kama nauli inamtosha, na umwambie mlango uko wazi siku atakayotaka kuhamia kwako.

Lugha nayo inataka akili. Mpokomo utaelewana naye kwa Kiswahili bila taabu. Lakini mama wa Kiorma au Kiwardei aliyetoka kwenye malisho huenda Kiswahili chake kikaishia kwenye salamu na bei, naye ataingia na mkalimani: mume wake, au binti yake wa miaka tisa. Wote wawili hawafai kwa swali la ndani. Mume hujibu kabla hajatafsiri, na mtoto hapaswi kubeba habari za uchafu unaomtoka mama yake. Tafuta mhamasishaji wa afya ya jamii wa jinsia yake anayejua lugha hiyo. Tangu 2023 wahamasishaji hao wana vifaa na posho nchi nzima, na walio kwenye eneo lako unatakiwa kuwajua kwa majina. Kwa kuwa mhamasishaji huyo ni jirani wa mgonjwa, mkumbushe mbele ya mgonjwa kwamba kinachosemwa hapa hakitoki. Mweke akae pembeni kidogo, nawe umtazame mgonjwa usoni, useme naye yeye. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu, kadiri inavyowezekana, amweleze mgonjwa hali yake kwa lugha anayoielewa na kwa kiwango chake cha elimu. Uone sheria hiyo kama ulinzi wako pia: mama aliyeelezwa kwa lugha yake harudi na dawa ya kupaka ameinywa.

Kwa wanawake, nakuomba ukae zaidi kwenye jambo moja ambalo delta hii inalo na vitabu vingi vya chuoni hulipita haraka. Kichocho. Kila mtu anajua cha wavulana, mkojo wenye damu mwishoni, na kuna wazee wanaoona ni sehemu ya kukua tu. Wachache wanajua kwamba mayai ya mnyoo huyohuyo hukaa kwenye kizazi na uke wa mwanamke anayechota maji, kufua na kuoga kwenye maji yaliyotuama penye konokono. Anakuja kwako na uchafu, maumivu wakati wa tendo la ndoa, damu baada ya tendo, au hashiki mimba. Unaona dalili, unampa dawa za magonjwa ya zinaa. Anarudi, unampa tena, safari hii unamwambia aje na mume. Nyumbani sasa kuna swali: ni nani aliyeleta? Ndoa zimevunjika kwa ugonjwa uliotoka mtoni. Kwa hiyo mwanamke akikuuliza kwa sauti ya chini, "Daktari, hii nimeambukizwa?", mwulize kwanza: "Maji mnachota wapi? Uliwahi kukojoa damu ulipokuwa mdogo?" Kama majibu yanaelekea huko, mpe rufaa ya uchunguzi, fikiria kumpa praziquantel kulingana na uzito wake, na umweleze kwa maneno yaliyo wazi kwamba kuna ugonjwa wa maji unaofanana na wa zinaa. Pima pia yale mengine, HIV ikiwemo, maana vidonda vya kichocho huirahisishia njia. Lakini usimtume nyumbani na shutuma ambayo huna ushahidi nayo.

Maswali ya uzazi wa mpango hayaishi, na mengi yana majibu mafupi ambayo hakuna aliyejisumbua kuyatoa. "Nikichoma sindano ya miezi mitatu nikakosa hedhi, damu inakwenda wapi?" Haiendi popote, mama, ukuta wa kizazi haukujijenga, basi hakuna cha kutoka, na hakuna damu inayorundikana tumboni. "Nikiacha nitazaa tena?" Utazaa, ila baada ya sindano mwili huchukua miezi kadhaa kurudi, tofauti na kijiti au koili, ambavyo vikitolewa uzazi hurejea upesi. Mwambie kabla ya kumchoma, asije akadhani umemfunga.

Kisha atakuja mume. Atakuja kwa upole au kwa hasira: "Daktari, mke wangu alikuwa hapa juzi. Alifuata nini?" Usimdanganye kwamba hakuja, mji ni mdogo na amekwishaambiwa. Mjibu: "Kaka, siku ukija wewe, mkeo akaniuliza ulifuata nini, ungetaka nimwambie? Mwulize mwenyewe, na mkija pamoja nitawaeleza nyote mtakachotaka kujua." Wanaume wengi hupoa hapo, kwa sababu kila mmoja ana kitu ambacho hangependa kitangazwe. Mke akikuomba kadi yake ibaki kituoni, ibaki. Na mume akija kweli pamoja naye, mkaribishe kwa moyo wote. Wapo wanaokuja na maswali mazuri kuliko yetu.

Kuna wanawake hapa waliokeketwa na kushonwa utotoni, na mwenye mimba ya kwanza atauliza, huku ameinamisha kichwa, kama mtoto atapita. Usionyeshe mshtuko usoni. Mwambie atapita, lakini kuzaa kwake kunataka kupangwa: aende akajifungulie hospitalini, Ngao au nyingine iliyo karibu naye yenye wakunga wazoefu na chumba cha upasuaji, na mpango huo uandikwe kwenye kitabu chake cha mama na mtoto mapema. Baada ya kujifungua, pengine mama mkwe atakuomba umrudishie alivyokuwa. Kataa kwa heshima. Sheria ya 2011 inakataza ukeketaji na kushona huko hata mfanyaji akiwa mkunga aliyesoma, na haijali kwamba mwenyewe aliridhia. Mwambie mama mkwe kidonda kitapona na mkwewe atakojoa bila maumivu, jambo ambalo huenda yeye mwenyewe hajawahi kulijua.

Hilo la watu wengine kuulizia mgonjwa, kama alivyofanya yule mume, lina uzito wa pekee katika kaunti hii. Kati ya Agosti 2012 na mwanzoni mwa 2013, mapigano ya Wapokomo na Waorma hapa delta yaliua zaidi ya watu 100, na nyumba na mifugo vikateketea. Waliofiwa wa pande zote mbili wanakaa benchi moja kwako leo. Siku watakapoona kwamba habari za mgonjwa wa upande huu zinavuja kupitia muuguzi wa upande ule, watu wa nusu ya vijiji wataacha kuja, na watoto wao hawatachanjwa. Wakija wazee, wawe wa Gasa, baraza la Wapokomo, au wa Matadeda, baraza la Waorma, wakisuluhisha kesi ya ndoa na kutaka kujua kama fulani ni tasa au ana ugonjwa, wape heshima yao yote, wape viti, na uwaambie mwenye habari hiyo ni mgonjwa. Akitaka, aje aombe cheti chake mwenyewe awapelekee kwa mkono wake.

Hali ni hiyohiyo kwa ofisi za serikali. Februari 2015 lilitoka agizo la Rais kwamba zikusanywe takwimu za watoto wa shule wanaoishi na HIV, pamoja na za walezi wao na za akina mama wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi. Shirika la KELIN na wenzake wakaenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kukusanya taarifa hizo kwa namna iliyowafungamanisha watu na hali yao kulivunja haki ya faragha iliyo kwenye Kifungu cha 31 cha Katiba. Ikiwa agizo la juu kiasi hicho halikusimama, karatasi ya chifu yenye nafasi za kujaza majina haisimami. Mwelekeze kwa msimamizi wako wa afya wa kaunti ndogo, wala usigombane naye. Sheria ya HIV ya 2006 inakataza kutoa matokeo ya mtu bila idhini yake, na mtu aliyevunjiwa siri hiyo anaweza kushtaki mbele ya baraza maalumu la HIV na Ukimwi.

Hata hivyo, siri ina mipaka, na aibu kubwa ya muuguzi ni kuahidi asichoweza kutimiza. Msichana akikuambia, "Nitakuambia ukiapa hutamwambia mtu," usiape. Sema: "Unachoniambia kinabaki hapa. Nikiona maisha yako yako hatarini au kuna mtoto anayeumizwa, itabidi tumtafute wa kutusaidia, na nitakuambia kwanza ni nani." Wengi wataendelea kusema, kwa sababu umewasemesha kama watu wazima. Akiwa amebakwa, saa zina thamani: dawa za kuzuia HIV zianze ndani ya saa 72, vidonge vya kuzuia mimba vinaweza kusaidia hadi saa 120, na fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya kubakwa, ijazwe na mhudumu aliyemchunguza. Asiambiwe aanzie polisi ndipo atibiwe. Akiwa mtoto, mhusishe ofisa wa watoto. Simu 116 ni ya bure, na 1195 inasaidia waliodhulumiwa kijinsia wa umri wowote. Mtu akikuuliza swali la ajabu kuhusu sumu ya panya au dawa ya kunyunyizia mimea, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumpandikizii wazo. Na usimtishe kwa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua kunakwenda kinyume na Katiba.

Magonjwa ya kuripotiwa nayo yana njia yake. Mfugaji akikuuliza kama nyama ya ng'ombe aliyejifia waliyokula juzi ndiyo imemletea homa, hilo swali ni zito. Delta hii iliguswa na homa ya Bonde la Ufa katika mlipuko wa 2006 na 2007. Ripoti inakwenda kwa ofisa wa ufuatiliaji wa magonjwa siku hiyohiyo, kama ilivyo kwa kipindupindu. Haiendi kwenye kikundi cha WhatsApp cha kijiji.

Utaulizwa pia kuhusu wewe. "Sista, wewe una watoto wangapi? Wewe unatumia njia gani?" Sioni ubaya wa swali hilo, mtu anataka kujua kama unakula unachompikia. Jibu unachopenda, kwa ufupi, au useme "yangu tuyaache, tuangalie yako," ukitabasamu. Usifanye mwili wako kuwa kipimo cha wake, maana kilichokufaa wewe kinaweza kumpandisha yeye presha.

Ramadhani huja na maswali yake. Vidonge vya ARV vya siku hizi kwa wengi ni kimoja kwa siku, hivyo kusogeza saa mpaka futari au daku kunawezekana, ila mpangie kabla mwezi haujaandama. Mwenye kisukari anayejichoma insulini aje wiki kadhaa mapema, kwa sababu kwake kufunga kunaweza kuwa hatari ya kweli. Wewe sema ya tiba: kipimo, dalili za sukari kushuka, wakati wa kufungua hata kama jua halijatua. Ya fikihi mwachie sheikh, na heri zaidi ukiwa umekwisha kukaa na sheikh huyo mkazungumza, ili mgonjwa asipate majibu mawili yanayogombana.

Usipojua, sema hujui. Mgonjwa wa hapa amekwishaona watu wengi waliojua kila kitu, wakiwemo wanaomwuzia antibiotiki nusu dozi kwenye kemisti. "Sijui hilo, lakini nitamwuliza daktari wa Hola, uje Alhamisi nikupe jibu" ni jibu kamili, ilimradi Alhamisi ikifika uwe nalo.

Kuhusu simu. Ukishatoa namba yako kwa mtu mmoja umeitoa kwa ukoo mzima, kwa hiyo amua mapema. Ushauri wangu ni kuwa na laini ya kituo, yenye saa zinazojulikana, inayokaa kwa aliye zamu. Picha za vipele na sehemu za siri zitaletwa WhatsApp usiku. Mjibu mtumaji kwa upole aje umwone, kisha ufute picha hiyo, ukikumbuka kuangalia kama simu yako haijihifadhii nakala kwenye albamu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, nawe ndiwe uliyezishika. Usiombe ushauri wa wenzako kwenye kikundi ukitaja "yule mama wa duka la Idsowe". Taja umri, dalili na kipimo, inatosha.

Siku ya uhamisho itafika, pengine bila taarifa ndefu. Usiondoke na maswali ya watu kichwani mwako. Wale uliowaahidi jibu, waite mmoja mmoja uwape, au uwaulize kama unaweza kumweleza anayekuja. Wakikubali, wakutanishe uso kwa uso. Wanaoficha kadi zao kituoni, mwonyeshe mrithi wako zilipo na umweleze kwa nini hazitolewi kwa mtu mwingine yeyote, hata akija na kitambulisho cha mwenyewe mkononi. Laini ya kituo ibaki kituoni. Na anayekupigia ukiwa tayari Hola au Mombasa, msikilize, umpime hatari kama ulivyompima stejini, kisha umpe jina la yule aliyeketi kwenye kiti chako sasa, na saa ambayo foleni yake hupungua.